Commodore 65, MEGA65 na kaseti ya mjomba

Ofisa wa forodha alilifungua boksi, akaitazama mashine yenye rangi ya maziwa na vitufe vyake vinene, kisha akaniuliza kama hicho ni kinanda cha muziki. Nikamjibu kuwa ni kompyuta. Akauliza skrini yake iko wapi, nikamwambia inachomekwa kwenye televisheni. Akauliza ni ya mwaka gani, na hapo nikababaika, kwa sababu mashine ile ilibuniwa mwaka 1990, ikaachwa mwaka 1991, na watu wa kawaida wakaanza kuipata mwaka 2022. Nikasema ni ya zamani, jibu ambalo kwa upande wa ushuru lilikuwa na faida yake. Akaniangalia kwa muda, akasema, “Ya zamani, mbona inang'aa?” Lakini aliniachia nipite.

Mashine hiyo ni MEGA65, toleo jipya la Commodore 65 ambayo haikuwahi kufika dukani. Nilikuwa naipeleka Tanga kwa mjomba wangu, na ili nieleweke inabidi nianze na mashine nyingine. Mjomba alikuwa baharia wa meli za mizigo, na mwaka 1989 alirudi nyumbani na kompyuta ya Commodore 64 iliyokwisha kutumika, aliyoinunua Hamburg. Serikali ya Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, baada ya mfumo wa kompyuta wa hesabu za Hazina kuvurugika, na ingawa kufikia wakati huo marufuku ilikuwa imelegezwa, kwa mtaa wetu kompyuta ilibaki kuwa kitu cha kusimuliwa. Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni. Seti ya rangi iliyokuwa sebuleni ilikuwepo kwa sababu Tanga tulinasa matangazo ya Zanzibar, na ndiyo hiyo mjomba aliyoichomekea mashine yake. Ilitokea skrini ya samawati yenye maandishi mawili matatu, mojawapo likiwa namba 38911, ambayo nilidhani ni namba ya usajili. Baadaye nilijua kuwa ni baiti zilizobaki wazi kwa ajili ya programu za mtumiaji, kati ya kilobaiti 64 za mashine nzima.

Ilidumu kwetu miaka miwili. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu isiyo ya kawaida, na kuanzia hapo skrini ilibaki nyeusi. Mjomba aliitunza kabatini kwa muda, kisha akaigawa kwa fundi redio aliyetaka vipuri. Kaseti zake hakuzigawa.

Mimi niliishia kuwa fundi wa vifaa vya elektroniki, na sasa ni mwaka wa kumi na moja niko Ujerumani, nchi ambayo kampuni ya Commodore iliuza mashine nyingi kuliko karibu kila mahali. Huku nilikutana na watu wanaokarabati mashine hizo, na kati yao nikasikia habari ya Commodore 65, ambayo mwanzoni niliichukulia kama hadithi za vijiweni.

Haikuwa hadithi. Mwaka 1990 na 1991, katika makao ya Commodore huko West Chester, Pennsylvania, kikundi kidogo cha wahandisi, akiwemo Fred Bowen na Bill Gardei, kilikuwa kinaunda mrithi wa 64. Prosesa yake, iliyopewa namba 4510, ilikuwa ya familia ileile ya 6502 kama ya 64, lakini ilikwenda kwa kasi ya megahezi 3.5 badala ya takriban 1, na ilikuwa na rejista, yaani kihifadhi kidogo cha namba ndani ya prosesa, ya ziada iliyoitwa Z. Kumbukumbu ilikuwa kilobaiti 128. Chipu ya picha, VIC-III, iliweza kuonyesha rangi 256 kwa wakati mmoja, zilizochaguliwa kati ya rangi 4,096, ilhali 64 ilikuwa na rangi 16 tu zisizobadilika. Chipu za sauti za SID zilikuwa mbili badala ya moja, ili muziki utoke kushoto na kulia. Kiendeshi cha diski za inchi 3.5 kiliwekwa ndani ya mashine yenyewe, jambo ambalo aliyewahi kusubiri kiendeshi cha nje cha 64 atalielewa mara moja, kwa sababu kile kilikuwa na prosesa yake, uzito wake na joto lake, na bado kilileta data kwa mwendo wa baiti mia chache tu kwa sekunde.

Kisha kampuni ikasitisha mradi. Miaka mitatu baadaye, mwezi Aprili 1994, Commodore yenyewe ilitangaza kufungwa, na mali zake zilipouzwa, mashine za majaribio za 65 zikatawanyika mikononi mwa watu. Ni chache mno. Mojawapo ikitokea mnadani leo, bei yake ni ya gari, na mnunuzi hupata mashine yenye programu ya mfumo isiyokamilika na chipu ambazo zikiungua hazina mbadala popote duniani.

Wenzangu wengi huisimulia habari hii kama dhuluma, kwamba wakubwa walikiua kipaji. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 1991 Commodore ilikuwa tayari inauza Amiga 500, mashine ya biti 16 kwa 32 iliyoishinda 65 karibu katika kila jambo, na kumwambia mnunuzi achague kati ya hizo mbili kungekuwa kujishindania mwenyewe. Isitoshe, 65 haikuweza kuendesha michezo mingi ya 64, ambayo ndiyo ingekuwa sababu kubwa ya mtu kuinunua. Sababu yake ni ya kiufundi na inafundisha. Prosesa ya awali ilikuwa na nafasi nyingi za amri ambazo hazikuandikwa katika mwongozo wowote, lakini zikitumiwa zilifanya mambo fulani kwa bahati ya jinsi sakiti ilivyochorwa. Waandishi wa michezo walizigundua, wakazitumia. Wabunifu wa prosesa mpya walizijaza nafasi hizo kwa amri mpya rasmi, na mchezo uliotegemea bahati ile ukaanguka. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyeiacha 65 alifanya hesabu sahihi. Lakini hesabu ya mfanyabiashara haimfungi mtu ambaye hana haja ya kuuza mashine milioni moja.

Mtu huyo alikuwa Paul Gardner-Stephen, mhadhiri wa Australia Kusini, ambaye alianza kuiunda upya 65 kama kazi yake binafsi, na mwaka 2015 kazi hiyo ikaunganishwa na ya kikundi cha Wajerumani kinachojiita Museum of Electronic Games & Art. Jina MEGA65 limetoka hapo. Hawakuwa wa kwanza katika njia hii. Jeri Ellsworth alikwishaibana Commodore 64 nzima ndani ya mpini mmoja wa kuchezea michezo, uliouzwa mwaka 2004, na Dennis van Weeren wa Uholanzi alikwishaiunda upya Amiga kwenye bodi ndogo aliyoiita Minimig, ambayo michoro yake aliitoa kwa umma mwaka 2007. Tofauti ni kwamba hao walirudisha mashine zilizowahi kuishi. MEGA65 ilikuwa inarudisha mashine ambayo karibu hakuna aliyewahi kuigusa, na kwa hiyo hapakuwa na kumbukumbu ya mtu yeyote ya kuilinganisha nayo.

Kitu kinachowezesha yote haya ni chipu ya aina ya FPGA, na kwa kuwa watu huniuliza kila mara kama “si emuleta tu”, yaani programu inayoiga mashine nyingine, nitaieleza kwa utulivu. Chipu ya kawaida hutoka kiwandani ikiwa na kazi yake: transista zimechorwa, na hazichoreki tena. FPGA hutoka bila kazi. Ndani yake mna majedwali madogo mengi sana, na kila jedwali katika aina inayotumiwa na MEGA65 lina viingilio sita, yaani safu 64 za majibu ya sifuri au moja. Ukijaza safu hizo, jedwali linakuwa lango lolote la mantiki unalolitaka. Kati ya majedwali mna njia za kuunganisha, nazo pia hufungwa na kufunguliwa kwa biti. Chipu ya Artix-7 iliyo ndani ya MEGA65 huhesabiwa kuwa na seli za mantiki zipatazo 215,000. Mhandisi huandika maelezo ya sakiti kwa lugha kama VHDL, programu maalumu huyageuza maelezo hayo kuwa ramani ya kujaza majedwali na njia zote, na mashine inapowashwa ramani hiyo, ambayo wenyewe huiita kiini, humwagwa ndani ya chipu kwa muda mfupi sana. Kuanzia hapo FPGA haiigizi prosesa na chipu ya picha. Kuna waya za kweli na saa ya kweli, na sehemu zote mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja.

Neno “kwa wakati mmoja” ndilo lenye uzito. Katika Commodore 64 ya Ulaya, boriti ya televisheni huchora mistari 312 kwa kila picha, na kila mstari huchukua mizunguko 63 ya saa. Prosesa na chipu ya picha hugawana kumbukumbu ileile: nusu ya kwanza ya kila mzunguko ni ya huyu, nusu ya pili ni ya yule, na kila mstari wa nane ndani ya eneo la maandishi chipu ya picha huinyang'anya prosesa mizunguko kama arobaini ili isome herufi za safu inayofuata. Waandishi wa programu walioijua ratiba hiyo waliweza kufanya vioja. Mfano ninaoupenda ni wa kufungua ukingo wa chini wa skrini. Chipu ya picha hufunga pazia la ukingo ikifika mstari wa 251 kama skrini ina safu 25 za maandishi, au mstari wa 247 kama ina safu 24. Ukiiacha ipite 247 ikiamini safu ni 25, kisha kabla ya 251 ukaigeuza biti ya tatu (ukihesabu kuanzia sifuri) ya rejista D011 iamini kuwa safu ni 24, itaona kuwa wakati wa kufunga ulikwisha kupita, na pazia halifungwi. Sehemu ya skrini ambayo mtengenezaji hakuikusudia inakuwa wazi kwa picha. Emuleta nzuri huweza kulifanya hili, lakini hulifanya kwa kuhesabu zamu moja moja kwa haraka na kuhakikisha kuwa hakuna zamu iliyosahauliwa. Katika FPGA iliyochorwa kwa uaminifu, kioja hiki hakihitaji kukumbukwa na mtu, kwa kuwa kinatokana na sakiti yenyewe.

Nimesema “iliyochorwa kwa uaminifu” kwa makusudi, maana hapa wapenzi wa mashine hizi hugombana. Kiini cha MEGA65 hakidai kuifuata 64 mzunguko kwa mzunguko. Prosesa yake inafika megahezi 40.5, imeongezewa amri za biti 32, chipu ya picha imekuwa VIC-IV, SID zimekuwa nne, na kuna megabaiti 8 za kumbukumbu ya ziada pamoja na tundu la mtandao. Anayetaka 64 halisi hushikilia kitufe cha NO SCROLL wakati wa kuwasha, akachagua kiini kingine kilichohamishwa kutoka MiSTer, mradi mwingine wa kurudisha mashine za zamani kwa FPGA, na chipu ileile ikawa mashine nyingine. Wapo wasemao kuwa kwa kuongeza vitu hivyo MEGA65 imeisaliti 65. Mimi nadhani wanakosea mahali pa kuweka uaminifu. Mashine za majaribio za 1991 zilikuwa na lugha ya programu ya BASIC yenye amri ambazo zilikuwa na majina bila utekelezaji. Kuirudisha 65 kama ilivyoachwa kungekuwa kurudisha nyumba isiyo na paa na kuisifu kwa kuwa mvua inaingia vilevile. Wanaojitolea waliandika zile amri zilizokosekana, wakasahihisha makosa, na kwa miaka kadhaa wakaikamilisha kazi ambayo Bowen na wenzake hawakupewa muda wa kuimaliza.

Kilichonigusa zaidi kama fundi ni vitu ambavyo FPGA haiwezi kuvifanya. Ramani ya sakiti unaweza kuipakua usiku mmoja, lakini gamba la plastiki halipakuliki. Walilazimika kuchanga fedha kutengeneza kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki, kuagiza kibodi yenye vitufe vya kubofya, na kutafuta viendeshi vya kweli vya diski za inchi 3.5 katika zama ambazo hakuna anayevitengeneza. Programu ya mfumo ilikuwa tatizo la aina nyingine. Hataza za uvumbuzi wa miaka ile zimekwisha muda wake, lakini hakimiliki ya programu bado ni hai, kwa hiyo walianzisha uandishi wa programu mbadala isiyonakili hata mstari mmoja, na baadaye wakapata leseni ya ile ya asili kutoka kwa kampuni ya Cloanto. Bei ya mashine ni mamia kadhaa ya yuro, ambayo kwa kompyuta ya biti 8 ni bei ya kutia aibu, na sikumwambia mke wangu kiasi kamili.

Kabla ya kuinunua nilijifunza kwa Nexys, bodi ya mafunzo ya FPGA, niliyoipata mkononi mwa mtu, kwa sababu kiini hicho huweza kuendeshwa hata humo. Nilijaribu kukijenga mwenyewe kutoka kwenye maelezo ya VHDL, nikaiacha kompyuta mpakato yangu ikinguruma zaidi ya saa moja, nikapata skrini yenye mistari ya waridi kila safu ya pili. Nilitafuta kosa kwa siku tatu. Lilikuwa kebo ya VGA.

Sasa narudi kwenye kaseti. Nilipomwamkia mjomba na kumwonyesha mashine, aliishika kwa mikono miwili kama anayepima uzito wa samaki, akasema kiendeshi kimekaa mahali pazuri, kisha akaingia chumbani na kutoka na kopo la biskuti. Kaseti zilikuwa sita. Tano zilikuwa za michezo. Ya sita iliandikwa kwa kalamu neno moja, MAJI.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Alipokuwa melini, akiwa na mwongozo wa BASIC tu, mjomba aliandika programu ya kukokotoa maji kujaa na kupwa katika bandari ya Tanga. Unaiambia tarehe ya mwezi mwandamo, nayo inakupa mwezi mzima: siku gani ni bamvua, siku gani ni maji mafu, na maji yatajaa saa ngapi. Wavuvi wa mtaani kwetu hawakuihitaji, kwa kuwa kila mmoja anajua kuwa bamvua maji hujaa kwenye saa kumi na kwamba kila siku yanachelewa kwa karibu saa moja, lakini walikuja kuitazama, na mmoja wao aliibishia kwa dakika tano nzima.

MEGA65 haina tundu la kaseti. Nilirudi na kaseti ile Ujerumani, nikaisafisha ukungu kwa subira, nikaipiga kwenye deki ya kawaida ya muziki huku kompyuta ikirekodi. Kaseti ya Commodore haihifadhi sauti ya muziki bali mapigo ya urefu wa aina tatu, mafupi, ya wastani na marefu, na jozi za mapigo hayo ndizo zinazogeuka kuwa biti. Jaribio la kwanza lilikwama katikati, mahali ambapo utepe ulikuwa umekunjika. Lakini wabunifu wa 64 hawakuziamini kaseti, na kwa sababu hiyo mashine iliandika kila fungu la data mara mbili mfululizo. Mkunjo ulikuwa umeharibu nakala ya kwanza tu. Niliitoa programu kutoka kwenye ya pili, nikaiweka kwenye faili la diski, na safari iliyofuata nikaipeleka Tanga kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu.

Mjomba alikaa mbele ya televisheni. Aliandika mwenyewe GO64, amri inayoiingiza mashine katika hali ya 64, mashine ikamuuliza kama ana hakika, akabonyeza Y. Skrini ya samawati ikatokea na ile namba yangu ya usajili. Nikapakia programu, akaandika RUN, akaingiza tarehe ya mwandamo. Safu ya kwanza ikatokea, kisha kimya cha sekunde kadhaa, kisha ya pili. Alikuwa ameandika programu itafute kilele cha maji kwa kukokotoa SIN, hesabu ya umbo la wimbi, kila baada ya dakika kumi za siku, na kwa kasi ya megahezi 1 mwezi mzima ulichukua zaidi ya dakika tatu. Nilitaka kumwonyesha uwezo wa mashine. Nikaisimamisha, nikaandika POKE 0,65, amri inayoifungulia prosesa kasi yake yote, nikaandika RUN. Siku thelathini zikapita skrini kama matone, na zilipotulia, safu za mwanzo zilikuwa zimekwisha kupanda juu na kupotea, kwa kuwa skrini ina safu 25 tu.

Mjomba alisogea mbele, akavua miwani, akaivaa tena.

“Bamvua imepita sijaiona,” akasema. “Irudishe ilivyokuwa.”

Nikaandika POKE 0,64. Akavuta kiti karibu zaidi, akachukua kalamu, na safu zilipokuwa zinatokea moja moja akawa anazinakili pembeni mwa kalenda ya ukutani, na kati ya safu na safu alipata muda wa kutosha wa kunywa chai.